Kabini ya Mama Mkwe

Aliyebuni kabini ya watu wanne katika meli za kitalii hakuwa na mkwe. Ni chumba chenye vitanda viwili vya chini na viwili vinavyoshushwa kutoka ukutani usiku, choo nyuma ya mlango mwembamba, na kijinafasi cha kupishana mmoja akiwa amebana pumzi. Katika kijitabu cha matangazo, humo ndani wamo baba, mama na watoto wawili, wote wanacheka. Hamna bibi aliyetoka Unguja na mikoba yake, wala hamna mume wa binti yake, ambaye kwa adabu za kwetu hatakiwi kuonekana mbele ya mama huyo akiwa na taulo kiunoni. Kijitabu hicho kilikaa juu ya meza yetu ya kulia hapa Mayfair, Johannesburg, mpaka kona zikajikunja, na kila aliyekifungua alikifunga akiwa na kinyongo na mwenzake.

Chanzo ni maneno machache ya Mama mkwe. Alikuwa amekuja kututembelea kwa ile stempu ya siku 90 anayopigwa Mtanzania akiingia Afrika Kusini bila viza, na tulikuwa tumemzungusha kila palipo na la kuonyeshwa: vilima vya vumbi la migodi ya dhahabu, Soweto, bustani za Emmarentia. Jioni moja amekaa barazani anachambua mchele, akasema bila kumlenga mtu, "Mji mzuri, nyumba nzuri, alhamdulillahi. Ila mtu akitaka kupunga upepo wa pwani hapa huenda wapi?"

Haendi popote. Johannesburg imekaa mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, haina hata mto wa maana, na mwenye hamu ya maji ya chumvi hushuka Durban, kilomita kama 570 kwa barabara ya N3. Nilidhani swali limepita. Mke wangu alilichukua akaingia nalo jikoni, na lilipotoka huko lilikuwa limeshageuka meli.

Meli zenyewe zipo, si ndoto. Kila msimu wa joto, kuanzia Novemba hivi hadi miezi ya mwanzo ya mwaka, meli kubwa ya kitalii hufunga gati Durban, ikachukua watu wa bara, wengi wao wa Gauteng hii yetu, ikawapeleka pwani ya Msumbiji na kuwarudisha baada ya siku chache. Mahali panapopendwa ni Ilha dos Portugueses, kisiwa kidogo cha mchanga mdomoni mwa Ghuba ya Maputo, kando ya Inhaca. Na tangazo la mwaka ule lilikuwa na maneno mawili ambayo mke wangu aliyazungushia duara kwa kalamu nyekundu: watoto bure.

Bure ina masharti, kama yule dada wa ofisi ya wakala alivyotufafanulia kwa subira ambayo baadaye nilikuja kuiheshimu. Bei ya kabini huandikwa kwa kichwa, kwa makadirio kwamba wawili wanalala pamoja. Anayelala peke yake hutozwa nyongeza, na nyongeza hiyo inaweza kukaribia bei ya kitanda kile kitupu. Watoto husamehewa nauli, wakabaki na ada za bandari tu, ilimradi walale chumba kimoja na watu wazima wawili waliolipa kamili. Basi mwenye watoto wawili, mke na mama mkwe na apange sasa.

Tulipanga. Mimi, mke wangu na watoto kabini moja, Mama peke yake nyingine: watoto bure, lakini Mama anatozwa nyongeza, tena analala peke yake katikati ya bahari, jambo ambalo binti yake alisema litatokea yeye akiwa ameshazikwa. Mama na wajukuu kabini moja, sisi wawili peke yetu nyingine: hapo nilianza kutabasamu, lakini dada wa wakala akatikisa kichwa, maana humo mtu mzima ni mmoja na watoto si bure tena. Kisha yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa, akatoa wazo lake. Kuna vyumba vikubwa vya familia. Kwa nini tusilale sote watano pamoja?

Nilitazama viatu vyangu. Mke wangu alitazama dirishani. Mama mkwe, ambaye hasemi Kiingereza lakini anakisikia kuliko tunavyodhani, alivuta mtandio wake mbele kidogo. Dada wa wakala aliona uso wa kila mmoja wetu umebadilika asijue amesema nini. Mpango uliobaki ulijileta wenyewe: Mama, binti yake na wajukuu chumba kimoja, watu wazima wawili, watoto bure. Mimi mahali pengine.

"Utapumzika, baba watoto," mke wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu ambayo haina rufaa.

Ikabaki nyongeza yangu ya kulala peke yangu. Kuiepuka ilibidi apatikane mwanamume wa pili, na usiku uleule ilipigwa simu Pretoria kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikubali kabla hajaulizwa tarehe. Ni mtu mwema, mcheshi, na anakoroma kiasi kwamba alipokuwa amepanga chumba Sunnyside jirani wa ukuta wa pili alimwandikia barua. Niliposema hivyo mezani nilijibiwa kwamba ndugu yake hakoromi, anapumua.

Baada ya nani alale na nani, likaja la wapi. Meli hizi huuza vyumba kwa daraja: vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha, vyenye roshani, halafu yale makubwa ya wenye nazo ambayo tuliyapita haraka kwa adabu. Mke wangu alitaka roshani. Alishajiona amekaa na kikombe cha chai, upepo unapeperusha dera. Mama aliikataa roshani kwa hoja moja iliyokuwa imesimama juu ya kochi wakati tunazungumza, nayo ni kitinda mimba wetu. "Mtoto huyu amepanda jokofu. Mkimwekea ukuta wa kiuno na bahari upande wa pili, mimi sitalala." Cha ndani nacho akakikataa; chumba kisicho na dirisha, alisema, ni ghala, na yeye si gunia.

Vikabaki vya dirisha, na hivyo ni ghali kuliko tulivyotarajia, isipokuwa kundi moja lililokuwa chini ya orodha. Dada wa wakala alilitaja kwa sauti ya kuomba radhi. Dirisha lipo, lakini nje yake imening'inizwa mashua ya kuokolea, kwa hiyo bahari huioni vizuri, au huioni kabisa. Watu hawavipendi, ndiyo maana bei yake iko chini. Nilimfasiria Mama harakaharaka, tayari nikigeuza ukurasa.

Mama akavua miwani. "Mashua iko hapo hapo dirishani?"

"Ndiyo, Mama. Inaziba bahari yote."

"Bahari naijua, baba. Nichukulieni hicho."

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kwa msomaji wa bara hii inaweza kuonekana kichekesho cha mama mzee. Mtu aliyekuwa Unguja au Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 hawezi kucheka. Usiku huo MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, ilizama na mamia ya watu. Mwaka haukuisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Hakuna mtaa visiwani usiokuwa na jina la mtu aliyepotea. Mama alikuwa miongoni mwa waliokwenda kusimama na kungoja habari, na hapendi kulieleza. Tangu hapo kila anapoingia chomboni, hata ile boti ya haraka ya kwenda Dar, jambo la kwanza analofanya ni kuuliza jaketi liko wapi na kulishika kwa mkono wake.

Kijana wetu mkubwa, aliye katika umri wa kujua kila kitu, aliona huo ndio wakati wa kutusomea habari aliyoichimbua kwenye simu. Mezani, tukila wali na samaki, akatusimulia Oceanos: meli ya kitalii ya Kigiriki iliyotoka East London kwenda Durban mwanzoni mwa Agosti 1991, ikaingia maji katika dhoruba, na tarehe 4 ikazama mbele ya ile pwani waiitayo Wild Coast. Mama yake alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini kijana akaendelea. Nahodha, akasema, alipanda helikopta akaondoka abiria wengi wakiwa bado melini. Waliobaki kuongoza uokoaji, mmoja akiwa kwenye redio ya chumba cha kuongozea meli, ni wale wasanii wa kuburudisha wageni, akiwamo mpiga gitaa Moss Hills. Na watu wote 571 walitoka wazima.

Kimya. Mama alimalizia mfupa wa samaki, akaunawa mkono, akasema, "Kumbe kabini nzuri ni ile iliyo karibu na mpiga gitaa."

Dada wa wakala, mkweli kupita alivyohitajika, alipiga simu kesho yake kueleza kwamba mashua iliyo nje ya dirisha si lazima iwe ndiyo utakayopanda. Kila abiria huandikiwa kituo chake kwenye kadi, na huonyeshwa kituo hicho siku ya kupanda. Tangu Costa Concordia ilipopinduka pwani ya Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, kanuni za kimataifa zilikazwa, na sasa zoezi hilo la dharura hufanywa kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Nikamfikishia Mama. Akasema sawa, kadi aitunze binti yake. Yeye akishafika kwenye mashua haulizwi kadi.

Mimi na shemeji tulipewa kabini ya ndani, sitaha ya chini, katikati ya meli, yaani rahisi kuliko zote. Nilijitayarisha kunung'unika, lakini Mama alinipongeza. Enda tezi na omo, alisema, marejeo ni ngamani. Na kwa hili methali yake inakubaliana na wahandisi: meli hunesa kama ile pembea ya ubao, wanaokaa ncha ndio wanaorushwa, na aliye katikati na chini huguswa kidogo tu. Wanaotapika ni waliolipia mandhari ya juu. Hayo niliyashika moyoni.

Kisha zikaja nguo, na nyumba ikawaka upya.

Ratiba ya meli ilikuwa na usiku wa gala, ambapo watu hujipamba, na usiku mwingine wa nyeupe tupu, kuanzia kichwani hadi viatuni. La gala halikutusumbua sana. Mke wangu ana madera na magauni ya harusi ya kutosha kuvisha nusu ya sitaha. Kwangu, karatasi ilisema suti au vazi rasmi la taifa lako, na nikasema mimi nitavaa kanzu, kofia ya kiua na koti juu. Shemeji akaniuliza kama sioni aibu kwenda kwenye gala nimevaa nguo ya Ijumaa. Nikamuuliza yeye ana nini. Alikuwa na suti ya Kaunda ya marehemu baba yake, ya rangi ya udongo, na hakuniuliza tena.

Nyeupe ndiyo iliyotukwamisha. "Wote nyeupe? Usiku? Baharini?" Mama alihoji. Katika maisha yake mtu mzima huvishwa nyeupe tupu mara mbili: akienda Makka, na akienda asikorudi. Binti yake alimwambia ni sherehe tu, muziki na taa. Mama akasema sanda nayo ni shughuli ya watu wengi. Mjadala huo ulidumu kwa zamu, ukiamka kila mtu anapofungua kabati, hadi mke wangu alipotamka kwamba kanga nyeupe yenye mji mwekundu nayo ni nyeupe. Karatasi haikusema hivyo. Lakini karatasi haikuandikwa na Mzanzibari.

Tulikwenda kununua Fordsburg, Oriental Plaza. Mama alipapenda mara moja, kwa sababu wenye maduka wanakuita kutoka mlangoni na bei huzungumzwa. Mzee mmoja wa vitambaa alimwekea kiti na, aliposikia ametoka Zanzibar, akaanza hadithi ya baba yake aliyekuwa na duka 14th Street, kule Pageview, ambapo watu wa rika lake bado wanapaita Fietas. Serikali ya ubaguzi iliwang'oa wafanyabiashara wa Kihindi huko kwa sheria yake ya kutenga makazi, ikawajengea jengo hili miaka ya 1970 na kuwapangisha humo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole kwa Kiswahili, akapewa kwa Kiingereza shukrani, kisha bila kupumua akamtaka ashushe bei ya mita. Akashusha.

Kitambaa tulimpelekea fundi Yeoville, karibu na soko la Rockey Street, mahali ambapo Kiswahili unachosikia ni cha Lubumbashi na Bukavu na fungu la kisamvu huitwa sombe. Fundi ni Mkongomani, hodari, na mwenye heshima. Tatizo ni kwamba alikuwa na mawazo yake. Mke wangu alitaka gauni la kuteremka wima. Fundi alitaka mikono iliyofura na mkia. "Mama, hii itakuwa muzuri sana, utaona," alisema, na kila tulipokwenda kupima gauni lilikuwa limeongezewa kitu. Mgao wa umeme nao ulikuwa bado unatutesa. Cherehani yake ya umeme ilisimama katikati ya pindo, tukakaa gizani naye akitupigia hadithi za harusi za Kinshasa. Gauni lilitoka na mkia mfupi. Mke wangu alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo mara kwa mara, na hakuutaja tena huo mtindo wa wima.

Shemeji, aliyejipendea njia za mkato, alinunua suruali na shati nyeupe kwa Wahabeshi wa Jeppe Street bila kujaribu. Suruali iliishia juu ya kifundo cha mguu. Alisema huo ndio mtindo. Mama alimwambia kwamba kwa urefu ule angalau haitaburuzika kwenye najisi.

Sasa vile vya ziada, ambavyo ndivyo meli inakolia faida. Kuna kifurushi cha vinywaji, kuna cha intaneti, kuna picha, kuna kukandwa mgongo, kuna bakshishi ya wahudumu inayoongezwa kwenye hesabu yako kila usiku kwa kila kichwa. Mke wangu, mwenye kushika mkoba, aliipitia orodha hiyo na rula. Kifurushi cha vinywaji kilikufa kwanza: sharti lake ni kwamba watu wazima wote wa kabini moja wakinunue, na nusu ya kilichomo ni pombe ambayo hakuna kati yetu angeinywa, au angethubutu kuinywa Mama akiwa melini. Nilimwona shemeji akiinama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

"Na chai?" Mama akauliza. "Chai nayo inalipiwa?"

Chai ya bufee hailipiwi, maji ya bilauri hayalipiwi, ya chupa ndiyo yanayolipiwa. Kwa habari hiyo moja Mama aliisamehe kampuni nzima, akaanza kusaga tangawizi na hiliki za kwenda nazo. Intaneti aliililia kijana mkubwa. Akaambiwa babu zake walivuka bahari bila hiyo. Bakshishi ilimkasirisha mke wangu mpaka alipoambiwa huwaendea wanaofagia na kupika, akasema basi hiyo ilipwe yote na mapema. Chakula tulieleza tangu siku ya kulipa kwamba nyama isiyo halali hatuli, tukajibiwa kuna samaki na mboga kila mlo. Mama hakuamini karatasi, akakaanga visheti.

Vyeti vya watoto vilikuwa tayari. Tangu Juni 2015, Afrika Kusini ilipoanza kudai cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili kwa mtoto anayevuka mpaka, mke wangu hatoki nyumbani bila bahasha ya vyeti hivyo, ingawa baadaye masharti yalilegezwa kwa watoto wa kigeni. Kuhusu stempu ya Mama tuliuliza pia: kwenda nchi jirani na kurudi hakuanzishi hesabu ya siku 90 upya, unarudi kumalizia zilezile. Msumbiji kwenyewe Mtanzania haombwi viza. Kwa upande wa makaratasi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ugenini, hakuna kilichokosekana.

Kilichozidi ndicho kilichotuchelewesha. Gari letu lilishuka mteremko wa Van Reenen likiwa limelala nyuma kwa uzito, na kwenye jengo la abiria la Nelson Mandela pale bandarini Durban mikoba ilipitishwa kwenye mashine, mmoja baada ya mwingine, hadi mwanamke mmoja wa ulinzi akainua mkono. Alitoa pasi ya umeme. Akatoa ya pili, maana mke wangu na mama yake hawakuwa wameambizana. Akatoa birika la umeme. Akatoa kiberiti na makaa ya kufukizia. Hivyo vyote haviruhusiwi kabini kwa sababu ya moto. Vikafungwa kadi yenye jina, kuja kuchukuliwa safari ikiisha. Chetezo cha udongo, kilichoviringishwa ndani ya kanga, alikizungusha mkononi, akakiona pambo, akakirudisha.

Ndiyo maana jioni ya kwanza nilipokwenda kuwajulia hali niliwakuta na mgeni. Mhudumu wa kabini alikuwa kijana wa Mombasa. Dirishani, karibu kiasi cha kuigusa kama kusingekuwa na kioo, ilikuwa mashua kubwa ya rangi ya chungwa, imeziba kila kitu. Mama alikuwa amekaa mbele yake ameridhika kabisa, chetezo mapajani, udi tayari vidoleni, na alikuwa akimwomba kijana yule amletee kaa moja la moto kutoka jikoni.

"Mamangu," kijana alisema, amepiga magoti kumfikia, "jiko lote ni la umeme. Meli nzima hii hakuna kaa."

"Meli yote hii?"

"Yote, mamangu."

Mama akamtazama kwa huruma. "Wewe mwana wa nani?" Ikaanzia hapo Kibokoni, ikapita Lamu, ikafika kwa shangazi mmoja aliyeolewa Malindi ya Unguja. Kijana aliondoka na visheti kwenye leso, na tangu usiku ule maji ya moto ya chai ya tangawizi yaliletwa mlangoni bila mtu kuagiza.

Usiku wa nyeupe mkia wa gauni uliuliziwa na wanawake wawili wa Soweto ambao walitaka namba ya fundi. Kanzu yangu ilipigwa picha kuliko mimi. Shemeji alikoroma. Kusali tulisali kwa hesabu rahisi, maana njia ya kutoka Durban kwenda Msumbiji inaelekea kaskazini, na kibla huko kusini kiko upande huohuo: tukienda tulielekea omo, tukirudi tulielekea tezi. Upepo ulipozidi njia ya kurudi, waliokuwa sitaha za juu walianza kupita ukumbini wameshika kuta, na katika kabini yetu ya ndani, ngamani kabisa, bilauri ya maji haikumwagika.

Kwa wanaotuuliza kwa sababu wanafikiria kwenda msimu ujao: kabla ya bei, amueni nani atalala na nani, tena mbele ya mwenye mkwe. Zile kabini za mashua dirishani huwa mwishoni mwa orodha, na wakala anaweza asizitaje usipomuuliza. Na kila nyumba ibebe pasi sifuri. Za kwetu mbili zilirudi Johannesburg zikiwa na kadi zake bado, na moja imegoma kuwaka.